Rahma Hataki Kumaliza

Ngamiani, Tanga
20 Aprili 2024

Dada yangu Mwanapili,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute huna homa wala hasira, na Idi iwe imekupitieni kwa heri. Sisi huku wazima. Kazi ipo, mafriji ya Tanga yanaharibika kama yameambiana. Nisalimie Bi Mwatum na watoto wake wote wa chuo cha Kurani.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwanza, mfuko huu hauingii kwenye simu, ndiyo maana nimempa Ngwali wa jahazi aje nao pamoja na vitunguu vyake. Pili, nikikupigia Rahma anakaa mlangoni kusikiliza. Nikizisikia pumzi zake maneno yananikauka.

Dada, Januari mwanangu Rahma anatakiwa aanze darasa la kwanza, na nataka aanze huku, nami. Nimepata skuli nzuri, lakini wanawaita watoto kwanza kwenye usaili, na asiyejua herufi hapokewi. Skuli ya maandalizi hapo kwenu ameikataa tangu siku ile, na simlaumu. Mtoto aliyerudi na mkoba mgongoni akakuta jeneza la mama yake limeshatoka, hatuwezi kumdai aipende skuli. Kwa hiyo nakuomba umsomeshe nyumbani, asubuhi, kabla hajakwenda chuoni.

Mpango ni huu. Kila wiki herufi moja, na wiki nzima ni ya herufi hiyo: picha zake, wimbo wake, kitu cha kukata na kubandika, hata chakula. Ndani ya mfuko mna bahasha za A, B na CH. Usimruhusu aruke wala kurudi nyuma. Jumatatu herufi mpya, Ijumaa anakusomea. Nikipata habari kwamba zimeshika nitaleta nyingine.

Nakutegemea. Mwenzio sina wa kumwambia.

Ndugu yako,
Nassor


Micheweni
14 Mei 2024

Mdogo wangu Nassor,

Waalaykum salaam. Idi ilipita, mvua ikaja nyuma yake, paa la jikoni limekwenda upande. Bi Mwatum kapokea salamu, anasema ule msahafu uliomuahidi bado anaungoja. Rahma mzima. Jino la mbele linacheza na kila anayeingia uani lazima aliguse, hata wauza samaki.

Bahasha zako tumezifungua. Wiki ya A tulikaanga maandazi ya umbo la A, akaanza kula miguu. Wiki ya B umeandika tubandike pamba juu ya bata. Pamba gani Micheweni? Nilipotoka kufua nikarudi, mto wangu wa kulalia umepasuliwa na bata kanona. Wiki ya CH haikuwa na taabu, mvua imetuletea vyura mpaka uvunguni. Anashika upesi mtoto huyu. Marehemu mama yake, Kijakazi, alikuwa hivyo hivyo, ukimwambia jambo mara moja limeisha.

Lakini wiki zako hazijui bamvua, Nassor. Umekaa bara mpaka umesahau. Maji yakitoka sana wanawake wote tuko chini kwenye kamba za mwani, na mtoto namchukua, simwachi peke yake. Huko hakuna wa kukata karatasi. Kwa hiyo herufi zetu zinakwenda na maji: yakitoka tunafanya kazi, yakirudi tunasoma. Usiniletee Jumatatu na Ijumaa.

Sasa nina swali. Nakujua tangu unatambaa. Ukichora kuku, watu wanauliza kiatu cha nani. Bata wa bahasha hii ana shingo, ana macho, mpaka kiburi anacho. Kachorwa na nani? Tena umeandika, sisi huku wazima. Sisi nani?

Dada yako,
Mwanapili


Ngamiani, Tanga
9 Juni 2024

Dada yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa paa. Nitakuja kulitazama mwenyewe Mungu akipenda. Huku mvua zimepungua, mafua yameshika mji.

Nimefurahi kwa habari za Rahma hata nikazisoma mara mbili nikiwa kazini, mteja akadhani nimefiwa. Nakuletea D hadi J. Ukiweza, usiyape maji nafasi kubwa. Mwalimu wa huku kanieleza kwamba mtoto akikatizwa katizwa anapoteza mwendo.

Picha zinatoka kwa mtu anayefundisha chekechea karibu na hapa, anajua kazi yake. Si neno kubwa.

Nimenunua kitanda kidogo na chandarua chake. Usimwambie bado. Nimekipanga dirishani, kisha nikakitoa nikakiweka karibu na mlango, jana nimekirudisha dirishani. Sijui watoto wa umri huo wanapenda nini. Nilimwacha akiwa bado anapanda mgongoni.

Nassor


Micheweni
28 Julai 2024

Nassor,

Waalaykum salaam. Paa bado linakungoja. Jino la Rahma limetoka, amelitupa juu ya paa hilo hilo bovu na kuomba jipya kama ada, sasa anatoka nje kila mara kutazama kama limeota huko.

Wiki ya J ilitaka kutuua kwa kucheka. Umeandika tubandike mahindi kwenye J kubwa, halafu tutazame picha ya jogoo. Nikasema picha ya nini na jogoo yuko uani? Nikamleta. Rahma akamwonesha kazi yake kwa adabu zote, "Itazame vyema, hini J yako." Jogoo akaitazama J, akaila yote, akabakisha gundi. Mtoto alilia kisha akacheka. Nami nilicheka, Nassor, cheko ambalo sijalicheka tangu msiba.

Anakwenda mbio sasa. Anasoma magunia ya mchele, anasoma vibandiko vya sabuni. Chuoni nako Bi Mwatum anamsifu. Basi nimemuahidi hitima, kama tulivyofanyiwa sisi tulipohitimu kwa marehemu maalim. Nimemwambia, ukifika Z tutapika wali wa nazi na nyama, tutaita jirani wote, Bi Mwatum atakuombea dua, utavaa nguo mpya, na baba atakuja akuchukue kwa shangwe.

Akaniuliza, "Anichukue anipeleke wapi?"

Nikamwambia kwake, Tanga. Akaenda kumfukuza jogoo.

Mwenye picha hujamtaja jina. Kimya kingi kina mshindo.

Mwanapili


Ngamiani, Tanga
25 Agosti 2024

Dada yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Afya zetu njema. Naandika "zetu" makusudi.

Anaitwa Mwanawema. Tulifunga ndoa mwezi wa Shaabani, watu wachache tu, kwao. Ni mwalimu wa chekechea, na bahasha zote ni kazi ya mikono yake. Hukaa chini akakata na kupaka rangi mpaka sakafu yote inakuwa vipande, na kila anapomaliza moja huniuliza, "Unadhani ataipenda?" Mimi sijui mwanangu anapenda nini. Hilo linaniuma kuliko unavyodhani.

Sikukwambia kwa sababu mwaka wa msiba wa Kijakazi ulikuwa haujatimia vizuri, na niliogopa jinsi utakavyonitazama. Hata kwenye karatasi niliogopa.

Nakuletea K hadi Z, zote kwa pamoja. Usaili ni mwanzoni mwa Disemba. Bahasha ya Z ina gauni ndani, la njano, Mwanawema kalishona kwa kukisia kimo. Rahma alivae siku atakayomaliza, na hilo hilo asafiri nalo. Kitanda kiko tayari. Dada, usinikasirikie sana.

Nassor


Micheweni
20 Oktoba 2024

Nassor,

Waalaykum salaam. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na barua ya hasira ni bora ichelewe. Mke si haramu, nani kakwambia ni haramu? Kijakazi alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mke wako, na angekucheka kwa woga wako. Lakini mficha uchi hazai. Miezi yote nambandikia mtoto kazi ya mama wa kambo na sijui. Msalimie Mwanawema. Mwambie mikono yake nimeipenda, na hilo silisemi kwa kukupendeza wewe.

Sasa sikiliza, maana nina jambo linalonitoa ndani na kunirudisha majuma haya mawili, sikai, situlii.

Rahma alikwenda mbio, K, L, M, alikuwa akizila mbili, hata tatu kwa wiki. Wiki ya P tukaponda pilipili, akajipaka jichoni. Wiki ya S tukaanika samaki. Wiki ya T kwenye bahasha mlikuwa na treni, hajaiona maishani, akaiita nyumba ndefu. Tumefika Y salama. Kisha akasimama.

Nikifungua bahasha ya Z anasema kichwa kinamuuma. Nikimwonesha Z yenyewe, anafumba mdomo kama anayepewa dawa. Nikasema amechoka, nikamwacha. Kisha Bi Mwatum akanifuata uani. Chuoni nako kasimama. Anasoma alifu, bee, tee, anateremka vizuri, akifika yaa ya mwisho ananyamaza. Bi Mwatum kambembeleza, kamwahidi tende, hataki.

Basi nikaanza kumtazama. Nassor, mtoto hamalizi kitu. Akila anabakisha tonge moja kwenye sahani, kila siku, hata wali wa sikukuu. Akiimba anakatiza mstari wa mwisho. Nikimpa kamba ya mwani kufunga anaacha kifundo kimoja. Jana nilimsimulia hadithi, nilipokaribia mwisho akaniziba mdomo kwa mkono wake.

Nikamuuliza, "Kuna n'ni, mwanangu?"

Akasema, "Miye simalizi. N'kimaliza n'tachukuliwa."

Ni ulimi wangu na hitima yangu. Nilitaka kumfurahisha.

Mwanapili


Ngamiani, Tanga
2 Novemba 2024

Dada Mwanapili,

Salamu. Nimesoma.

Umeandika vizuri, lakini herufi moja imebaki, moja tu, na usaili umekaribia. Mtoto wa miaka sita hapangi mambo ya namna hiyo. Ama anaigiza, ama kuna mkubwa anayefurahi akiigiza. Huna mtoto, dada, na Rahma amekuzoea, naelewa. Lakini ni mwanangu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mkalishe chini, mfundishe Z, mvike gauni. Nitakuja kumchukua mwisho wa mwezi, amemaliza hajamaliza.

Nassor


Micheweni
10 Novemba 2024

Nassor,

Rahma mzima.

Sina mtoto. Ni kweli, na kila mtu Micheweni anajua, hukuwa na haja ya kumpa Ngwali habari hiyo aivushe bahari.

Unataka kujua kama nafurahi akinyamaza. Ndiyo, kuna asubuhi nimefurahi. Anapofumba ule mdomo, moyo wangu unaruka, kisha naona aibu, kisha nafungua tena bahasha yako na kumwonesha Z. Nimefanya hivyo kila siku maji yasipotoka. Yanayobaki njoo uyaone kwa macho yako. Na kama ni kulia, acha nilie, wewe niletee leso tu.

Mwanapili


Ngamiani, Tanga
5 Disemba 2024

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Nimefika salama, ingawa bahari ilituchezea. Mwanawema anakusalimu na anakushukuru kwa pweza. Nilikuja kwako kumchukua mtoto na nimerudi na pweza, ndivyo alivyonicheka aliponipokea, kisha akaingia ndani, akakaa juu ya kile kitanda kidogo, hakucheka tena.

Nataka kuyaandika niliyoyaona, kwa sababu pale kwako sikuyasema. Nilikuwa natengeneza paa. Paa lilikuwa kisingizio kizuri, mtu akiwa juu haulizwi.

Nilikuja nimejiaminisha kwamba ni wewe. Ile asubuhi ya kwanza Rahma alipokaa mbele yangu kwenye jamvi akaanza A, andazi, akaimba, akapiga makofi, nikasema moyoni, haya, mtoto anajua kila kitu, dada ananichezea. Akaja mpaka Y. Nikaitoa Z. Akanitazama usoni, dada. Hakuwa na ukaidi. Mkaidi hutazama pembeni. Alinitazama kama anayeniomba nisimwambie mtu, na midomo kaibana mpaka imekuwa myeupe.

Mchana nikaliona lile tonge. Ulikuwa umesimama nyuma yangu na hukusema kitu, nakushukuru. Jioni aliniomba twende kwa miguu mpaka barabarani. Alinishika kidole njia nzima akinisomea kila kilichoandikwa. Tulipokaribia barabara akaniachia, akasimama. Nikamwambia, "Njoo, mama, hatua mbili tu tumefika." Akatikisa kichwa. Nikaenda peke yangu mpaka kwenye lami, nikageuka. Alikuwa amesimama pale pale na mikono nyuma, ananingoja nirudi. Hakuwa na haja ya kunieleza.

Dada, kila kilichokwisha kwake kilimchukulia mtu. Na mimi nilimletea herufi zenye mwisho.

Ndiyo maana asubuhi ile ya kuondoka nilikaa naye barazani nikamwambia, nawe ukiwa unajifanya unachambua mchele. Nilimwambia hachukuliwi. Kwamba Januari ataanza skuli ya hapo hapo Micheweni, na shangazi atakaa naye darasani mpaka atakapomruhusu mwenyewe aondoke. Nilimwambia Z ataisoma akitaka, asipotaka Z itakaa tu kwenye bahasha, hailii. Aliniuliza kama paa sasa halivuji.

Usaili umefanyika jana. Sikwenda.

Yale niliyoyaandika juu ya kutokuwa na mtoto, nakuomba unisamehe. Niliyaandika nikiwa na wivu. Na nilipokuja nikakuta mtoto wangu anajua kila mlio wa mlango wako, na mimi ananiuliza habari za paa. Inaniuma, na itaniuma, lakini si deni lake kulipa.

Ndugu yako,
Nassor


Micheweni
29 Disemba 2024

Mdogo wangu Nassor,

Waalaykum salaam warahmatullah. Paa halivuji, tumelijaribu kwa mvua mbili. Bi Mwatum mzima, msahafu wako kaupokea, sasa anasema herufi zake ndogo. Nimekusamehe siku ile ulipopanda juu ya paa na viatu vya bandarini, nilisema huyu asipoanguka nitamsamehe.

Ngwali anaondoka kesho, kwa hiyo naandika upesi, na Rahma kaniegemea begani anasoma neno kwa neno. Uliniambia simu haina siri, sasa na barua haina.

Ulipoondoka alikaa siku kadhaa kama anayengoja kuona kama utarudi na gari. Kila boda ikilia barabarani anaingia ndani. Bahasha nikaiweka juu ya kabati, sikuitaja. Kisha ikaja bamvua. Nikamwacha kwa Bi Mwatum kwa sababu alikuwa na kikohozi, nikateremka pwani. Niliporudi, nilikuta mwani wangu niliouanika, wote, kazi ya mwezi mzima, umeburutwa kutoka kwenye majamvi yake na kupangwa uwanjani. Nikataka kupiga kelele. Kisha nikatazama vizuri. Ilikuwa Z, Nassor. Mtu angeiona kutoka angani. Na kwenye ncha ya mwisho amekaa yeye, kamtoroka Bi Mwatum, kaishusha bahasha, kavaa gauni la njano. Linamfika magotini, mwambie Mwanawema akisie tena.

Akaniuliza, "Imekaa sawa?"

Nikamwambia imekaa sawa, ila ipishe njia nipite. Tulishinda tukiuokota mwani ule pamoja, na kifundo cha mwisho cha gunia alikifunga yeye.

Jioni hiyo hiyo akasoma yaa mbele ya Bi Mwatum, na Bi Mwatum akapiga kigelegele mpaka mbuzi wakatawanyika. Tumepika. Jirani wote wamekula. Rahma alimaliza sahani yake, akaja nayo mbele yangu, akaipindua juu chini nione.

Sasa jambo lenyewe. Juzi tulikuwa tunakula, sisi wawili tu. Akaniuliza, "Shangazi, likizo n'lini?" Nikamuuliza ya nini. Akasema, "N'takwenda Tanga n'kamwone yuno anayechora bata. Kisha n'tarudi." Akaendelea kula. Amesema kwa sauti ya mtu anayekwenda dukani.

Nilikuwa nikiomba dua asichukuliwe. Sikuomba dua asitake kwenda, sikuifikiria hiyo. Basi niandikie mwanzo wa likizo ya kwanza, nitamleta mwenyewe hadi bandarini Wete. Kitanda usikiuze. Kiweke dirishani, anapenda kuona nani anapita.

Nikasema nimeshiba, nikasukuma sahani. Akaitazama, akanitazama, akanirudishia.

"Shangazi, limebaki tonge. Malizia."

Nikalimeza. Halikushuka vizuri, lakini nikalimeza.

Dada yako,
Mwanapili